Kiti cha Pembeni Yako

Mwasiti mwanangu,

Kabla hujaendelea, geuka utazame kiti cha pembeni yako. Kama nimekaa mimi hapo, na koti langu la kijivu na karanga mapajani, kunja karatasi hii uniambie, "Baba, umeshindwa." Sitabisha. Kama amekaa mtu mwingine, soma mpaka mwisho.

Nakueleza mapema usije ukasema nilikuficha. Hapa ninapoandika ni alasiri. Wewe umekwenda Ujiji kumuaga bibi yako, mama yako yuko uani anakaanga dagaa wako wa safari, na mfukoni mwangu kuna tiketi ya basi la kesho alfajiri. Siyo yako, yako unayo mwenyewe. Hii ni ya kiti kilicho ubavuni mwa chako. Niliikata juzi bila kumwambia mtu, hata mama yako hajui. Nilijiambia namsindikiza mwanangu tu, nimfikishe Dar, nione anapolala, nimwone huyo msimamizi wake wa kazi uso kwa uso, halafu nirudi zangu. Kusindikiza si dhambi. Huku kwetu mgeni ukimwacha mlangoni utasemwa, lazima umsogeze mpaka njia panda. Lakini njia panda iliyoko Dar es Salaam, hata mimi naona imekaa mbali kidogo.

Sijaamua bado. Mkono mmoja unaandika, mwingine kila mara unaingia mfukoni kuhakikisha tiketi ipo. Mambo ya kula, ya kulala, ya kutunza simu na kuchagua marafiki, mama yako ameshakueleza mpaka umechoka, sirudii. Nataka nikueleze habari zangu mwenyewe, zile nilizokuwa nikizipita haraka kila ulipouliza. Nadhani nikifika mwisho nitajua kama kesho napanda au nabaki.

Nina hofu, Mwasiti. Nimezoea kusema nina wasiwasi kidogo, ila leo nimechoka kujifanya. Tangu walipokupigia simu kwamba wamekukubali, sina usingizi. Mchana nawaringia watu pale Katonga sokoni, binti yangu anakwenda Dar kuotesha matumbawe ndani ya matangi ya kioo, na wao wananiuliza matumbawe ndiyo nini, naeleza mpaka dagaa wao wanaingia nzi. Nikibaki peke yangu naanza upya. Je, akiumwa? Je, hiyo miezi ya majaribio ikiisha wakasema hafai, arudi kwao? Wewe si mtu wa kujibizana. Ukionewa unanyamaza, unatazama vidole vyako. Nani kule atajua kwamba ukinyamaza hivyo ndiyo umeumia? Mimi najua, na ndiyo maana nilikata tiketi.

Unajua nilivyo. Mimi ni mtu wa kuvuta-vuta. Nikifunga kufuli la mlango, nalivuta nione limeshika. Nikifika kitandani nainuka kwenda kulivuta tena. Mama yako alishaniambia, "Baba Mwasiti, hilo kufuli mwizi hataliweza, wewe ndiye utaling'oa." Mtumbwi nikiufunga navuta kamba, naondoka, narudi kuvuta. Nadhani nilizaliwa hivi, ila kazi ilinizidishia. Samaki wa mapambo ni kazi ya roho juu juu. Anakamatwa kwenye miamba huko chini, mzima, na rangi zake zote, na mzamiaji akimpandisha haraka tumbo linavimba anafia mkononi. Ukimchanganya na asiyepatana naye, asubuhi unakuta mapezi. Kifuniko kikibaki wazi anaruka nje. Kwa hiyo miaka yote ile nilizunguka yadi ya tajiri aliyeniajiri nikigusa kila kitu, vifuniko, mabomba, nyaya za pampu, na kila nilichokigusa nilikuta kiko sawa. Hilo halikunifundisha kitu. Niliona kiko sawa kwa sababu nimekigusa.

Ulikuwa bado shule ya msingi tajiri alipoleta lile tangi la bahari. Samaki wetu wa ziwani wageni walishawazoea, akataka pale ofisini wakute na kitu kingine. Likaja tangi, zikaja taa za bluu, ikaja chumvi kwenye magunia. Nikamwambia, "Tajiri, tunasafirishaje chumvi kuileta Kigoma na Uvinza iko hapo nyuma yetu?" Akaniambia, "Hii siyo ya mboga." Nikaendelea kushusha magunia. Mwisho yakaja matumbawe yenyewe, vipande vya urefu wa kidole, kila kimoja na mfuko wake wa maji. Tajiri alikuwa safarini. Akanipigia simu kwamba niyapokee, niyaingize tangini, basi.

Nikafungua mfuko wa kwanza. Kipande kimejaa ute, kinateleza, kinanuka pwani. Nikafanya ambacho mtu yeyote aliyekulia hapa angefanya. Nilichukua ndoo nikaenda ziwani, na sikuchota pale ufukweni watu wanapofulia. Niliingia na mtumbwi mpaka pale unapoona mawe ya chini waziwazi, nikachota, nikarudi, nikaviosha kimoja kimoja mpaka ute wote ukaisha. Maji haya ndiyo tunayokunywa. Ndiyo tuliyoogeshwa tulipozaliwa, mimi na wewe. Migebuka, samaki wetu, tunaioshea humo, vidonda tunaviosha humo, mgonjwa wa homa tunamkanda kwa hayo. Haikunipitia akilini kwamba kuna kiumbe cha majini kinachoweza kudhurika na maji safi kwa kukosa chumvi tu.

Ulipotoka shule ulinikuta nimemaliza, vimepangwa ndani vinang'aa. Nikakuambia kwa majivuno, "Ona, baba yako kaviogesha." Ukapiga makofi. Haukupita muda ile nyama laini ya juu ikaanza kubanduka na kuelea, na chini yake kukabaki mifupa mitupu, myeupe. Kimoja tu ndicho kilichopona, cha zambarau, kwa sababu mfuko wake ulibaki nyuma ya mlango nikausahau, nikauona baadaye nikaumwaga tangini kwa haraka bila kukiosha. Kilipona kwa sababu sikukihudumia.

Tajiri aliporudi aliinama mbele ya kioo muda mrefu. Akauliza, "Uliviosha?"

"Niliviosha."

"Na nini?"

"Na maji ya ziwa, tajiri. Tena ya mbali, safi kabisa."

Akavuta kiti akakaa. Hakunigombeza, na bora angenigombeza.

Watu waliponiuliza nilikuwa nikijibu kwamba sikujua. Ni kweli sikujua, lakini siyo hilo lililoviua. Aliyeviua ni mtu mwenye uhakika. Mtu asiyejua huuliza. Mimi sikuuliza, kwa sababu kilichonilea mimi niliona hakiwezi kumdhuru mwingine. Na sikufanya kwa uzembe, Mwasiti. Ningefanya kwa uzembe vingepona. Nilivyokuwa naviosha nilikuwa navipenda.

Sasa kule unakokwenda utakutana na watu wenye ndoo zao. Watakusikia unavyosema, watajua umetoka huku treni inakoishia, watakuita mwisho wa reli. Wengine watakucheka, hao hawana neno, wazoee. Waogope wale wema. Watakuonea huruma kwa ukimya wako, watataka wakuchangamshe, wakubadilishe namna unavyovaa na unavyokula na unavyocheka, na yote watayafanya kwa moyo mweupe. Mengine yatakufaa, yachukue. Lakini ukiona kitu kinakubabua, usiseme aa, huyu ananipenda. Mwambie. Kile kipande hakikuwa na mdomo wa kuniambia, wewe unao, hata kama huutumii. Na mimi usinitoe kwenye hesabu. Mimi nilikuwa nimepanga kuja na ndoo yangu mpaka Dar.

Nisikimbie, bado kuna ile habari ya Kidole. Ulikiita hivyo mwenyewe, kile cha zambarau kilichobaki, kwa sababu kilifanana na kidole cha mtoto kilichopigwa na baridi. Kilikuwa kimelala tu juu ya mchanga, pampu inakisukuma huku na huku. Tajiri akamleta dada mmoja fundi kutoka Dar atufundishe kukigandisha kwenye jiwe. Nadhani wewe ulikaa pale kwenye ndoo iliyopinduliwa, sare ya shule imelowa, humwachii nafasi ya kupumua. Mimi nilikuwa naona aibu kumuuliza, nikawa nasikiliza maswali yako.

Kazi yenyewe unaijua kuliko mimi sasa, ila niache nikuandikie, inanituliza. Unachagua jiwe lenye kikalio, mahali ambapo maji yanapita bila kupiga. Unasugua mwani kwa mswaki wa zamani mpaka jiwe libaki tupu. Kipande unakitoa majini, unafuta kitako chake kwa kitambaa bila kugusa nyama ya juu. Gundi kidogo kitakoni, juu yake kidonge cha ile gundi nzito inayokandwa kama unga wa chapati, halafu gundi tena. Unazima pampu. Unaingiza mkono, unakibandika, unakizungusha kidogo kijipatie nafasi. Unashikilia. Halafu unafungua vidole kimoja baada ya kingine, unatoa mkono polepole, unaondoka.

Hapo pa kuondoka ndipo palinishinda.

Yule fundi alituambia jambo ambalo sijalisahau. Alisema gundi haimalizi kazi. Gundi inakisimamisha tu pale, ili chenyewe kipate nafasi ya kutambaza mguu wake juu ya jiwe. Kitajifunga kwanza, kitasinyaa, mtadhani kimekufa. Msikiguse. Kikijiona kimetulia kitafunguka, na kikishatambaa hakuna wa kukitoa. Tukamwitikia, akarudi Dar.

Kesho yake nilifika yadi kabla ya watu. Kidole kimejifunga, kimepauka. Nikasema ngoja nione kama kimeshika. Nikaingiza mkono nikakivuta kidogo tu, kidogo sana. Kikacheza. Nikasema ahaa, hakijashika, nikaongeza gundi. Kesho yake tena nikavuta, kikang'oka kabisa. Nikasugua jiwe, nikakanda, nikabandika. Kesho yake tena. Kila asubuhi nilikuta kimelegea na kila asubuhi nilijisifu kwamba nimekiwahi. Nilisema gundi ni mbovu. Nikasema jiwe ni bovu. Nikampigia simu yule fundi nikamlalamikia, akaniuliza, "Mzee, kuna mtu anakigusa?" Nikamwambia hakuna. Wallahi nilimwambia hakuna, na mkono wangu bado umelowa.

Wewe ndiye uliyeniona. Ilikuwa likizo, ulikuja nami asubuhi, ukasimama mlangoni ukiwa na andazi. Ukaniambia, "Baba, kila siku unakianzisha upya." Nikakujibu nini vile? Nilikujibu, "Watoto hawajui kazi." Ukanyamaza ukatazama vidole vyako.

Baadaye nikapata safari ya Ilagala, mzamiaji wetu mmoja alikuwa anaozesha. Mvua ikaharibu njia, nikakwama huko. Kula pilau nakula, lakini akili yote iko tangini. Niliporudi sikupita nyumbani, nilikwenda moja kwa moja yadi na mfuko begani. Kidole kimefunguka. Vidomo vyake vidogo vimetoka nje vinacheza majini, na pale kitakoni, pembeni ya gundi, nikaona ukingo mwembamba wa zambarau umepanda juu ya jiwe. Kimetambaza mguu. Hakuna mtu aliyekifanyia kitu. Nilifurahi, na papo hapo nikaumia. Nilifurahi kwamba kimeshika, nikaumia kwamba kimeshika mimi sipo. Hilo la pili sikumwambia mtu, nakuambia wewe leo. Tajiri alipokuja kufunga ile biashara na kuliuza tangi, walionunua walilichukua na jiwe lake zima, maana Kidole hakikubanduka tena.

Ungedhani nilijifunza. Mwaka uliofuata ukachaguliwa kwenda kusoma bweni Kasulu.

Nikikumbuka najificha uso. Kila Jumamosi nilikuwa naazima pikipiki, napita Kidahwe na vumbi lake, nafika getini na mkate na sabuni ambazo hukuziomba. Mwanzoni ulikuja mbio. Baadaye ukaja unatembea. Halafu wenzako wakaanza kukuimbia, "Mwasiti, mlinzi wako kaja," na wewe ukawa unakuja umeinamisha kichwa, unapokea mfuko, unaniambia, "Asante baba, nenda usije ukaingiliwa na giza." Mlezi wenu, mama mtu mzima, alinivuta pembeni kwa heshima. Akaniambia, "Baba, mpe nafasi. Kila ukija anakaa siku mbili hasemi na mtu." Mimi nikaelewa kinyume. Nikasema unaona, mtoto ana huzuni, afadhali ninavyokuja.

Ulipougua malaria sikusubiri. Nilikubeba na blanketi nikakuleta nyumbani, na ulipokuwa kitandani unatetemeka uliniuliza, "Nikipona nitarudi?" Nikasema tutaona. Ulipona, na hatukuona kitu. Nilikutafutia shule hapa mjini, ukarudia darasa, ukakaa na watoto waliokuwa nyuma yako. Nilitembea kifua mbele. Nilimwokoa mwanangu.

Miaka imepita hatujaligusa hilo, mpaka Ramadhani iliyopita tulipokuwa tunamenya muhogo mimi na wewe. Ulisema kama mtu anayesema habari ya mvua. "Baba, kule Kasulu nilikuwa nimeanza kuzoea. Nilishampata rafiki." Ukaendelea kumenya. Nami nikaendelea kumenya. Nilijikata kidole siku ile nikasema kisu kina makali.

Rafiki huyo hata jina lake sikuuliza. Ningekuuliza sasa, ila hupo, na pengine sistahili kuambiwa.

Nisamehe, mwanangu. Nimelizunguka sana mpaka nimefika hapa, lakini neno ni hilo. Sikukupeleka kusoma, nilikupeleka kukuvuta nione kama umeshika. Na ulikuwa unashika.

Sasa nieleze kwa nini, ingawa nayajua yote haya, bado mkono wangu uko mfukoni. Kwa sababu hofu haina akili. Inajua kila kitu na bado inataka kwenda kuangalia. Nimeshajiona Dar nimesimama nje ya hilo jengo la matangi na koti langu, namuuliza mlinzi kama Mwasiti ameshakula. Nimemwona msimamizi wako akinitazama kupitia kioo, halafu akakutazama wewe. Nimekuona wewe umeinamisha kichwa unakuja getini. Na kuna lingine baya zaidi. Nimekuona siku ya kwanza umechoka, umejifunga, umepauka, unalia, kama kila mtu anavyolia ugenini siku ya kwanza, na mimi niko pale pembeni, na kuna basi la kurudi Kigoma alfajiri. Nitakuambia nini? Najijua. Nitakuambia, "Twende nyumbani."

Ngoja. Mama yako ananiita niteremshe sufuria.

Nimeteremsha sufuria. Mama yako ameniangalia akaniuliza, "Unaandika nini muda wote huo, unaomba kazi?" Nikamwambia kuhusu tiketi. Sikupanga kumwambia, imetoka tu. Amegeuza dagaa, halafu akasema, "Na mimi nilijua. Koti umelining'iniza mlangoni tangu juzi, na jua lote hili." Nikamuuliza anaonaje. Akasema, "Mimi nina hofu kuliko wewe, basi tu sina pa kuivalia koti." Akaenda kuchukua kuni. Sijawahi kusikia mama yako akisema ana hofu. Nimekaa naye miaka yote hii nikidhani hofu ya nyumba hii ni mali yangu peke yangu.

Ofisi ya basi wanafunga magharibi. Nakwenda.

Nimerudi.

Nakueleza kama ilivyokuwa. Nimemkuta yule binti wa tiketi anafagia. Akanisalimia, "Shikamoo mzee," nikaitikia, nikaweka tiketi mezani. Akauliza, "Umeahirisha safari?"

"Ya kwangu. Ya mwanangu iko palepale."

Pale kwenye benchi alikuwa amekaa mama mmoja kijana, ametoka Ilagala na mtoto mdogo mapajani, kanga imelowa kwa mate ya mtoto. Anakwenda Morogoro kwa mumewe. Walishamwambia basi limejaa, ila hakuwa na pa kwenda, akabaki amekaa tu. Yule binti akamwambia, "Mama, bahati yako, hiki kiti hiki." Kabla hata hajasimama, mimi nimeshamfikia. Unanijua. Nikamwambia, "Dada yangu, pembeni yako atakaa binti yangu. Ni mpole, haongei sana. Sasa ukimwona amenyamaza, tafadhali..."

Akanikatiza, hakuwa na ubaya. Akauliza, "Mtu mzima?"

"Mtu mzima. Anakwenda kazini."

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilikuwa nawaza nitafikaje na huyu mtoto, mkono wenyewe umekufa ganzi. Atanisaidia kumpakata."

Nikaaga, nikaondoka. Kutoka pale mpaka hapa nyumbani nimekuwa nikiliwaza hilo. Tangu uzaliwe nauliza nani atamshika Mwasiti. Yule mama hajawahi kukuona, na alichouliza ni wewe utamshika nani.

Umeshatoka Ujiji. Nakusikia uani unacheka na mama yako, unamwigiza bibi yako alivyokushika masikio akikuombea dua. Sijatoka kuja kwenu. Nikitoka nitaanza kukuuliza kama umeweka sweta. Barua hii nitampa mama yako akukabidhi kesho mlangoni mwa basi, na mimi nitasimama nje, upande wa dirisha lako. Usishangae nikiondoka kabla gari halijawashwa. Nikibaki nitatafuta sababu ya kugonga kioo.

Sitakupigia simu kila asubuhi. Nimesema, na nimemwambia mama yako anikumbushe, naye amefurahi sana kupewa kazi hiyo. Wewe utapiga ukiwa na la kusema. Ukijifunga siku za mwanzo, jifunge. Ukilia, lia. Basi la kurudi lipo kila siku, hata mwaka ujao litakuwepo, kwa hiyo usilipande kwa sababu ya siku moja. Na zikipita siku sijasikia sauti yako, nitajua unatambaza mguu. Hapana, nisikudanganye, sitajua, nitahangaika. Ila kuhangaika ni kazi yangu, usiifanye yako.

Sasa mtazame tena huyo mama wa pembeni. Mtoto wake nimemwona, ni mzito, na bado njia ni ndefu. Kunja karatasi hii uiweke, umpokee mtoto.

Ni mimi baba yako, niliyebaki Kigoma.